Orodha Isiyopungua: Historia ya Kufuta Marafiki Mtandaoni

Januari 2009 kampuni ya Burger King iliwatangazia Wamarekani biashara ya ajabu: mtu afute marafiki kumi kwenye Facebook, naye apewe kuponi ya baga moja ya bure. Programu ya kufanyia kazi hiyo ilitengenezwa na kampuni ya matangazo ya Crispin Porter + Bogusky, ikaitwa Whopper Sacrifice, na haikuwa na haya hata kidogo. Kila aliyefutwa alipelekewa ujumbe wa kumjulisha kwamba ametolewa kafara kwa ajili ya baga. Waandishi wa habari wakapiga hesabu haraka: kwa bei ya baga ya wakati ule, rafiki mmoja alikuwa na thamani isiyofika senti 40 za dola. Ndani ya siku chache marafiki 233,906 walikuwa wamekwisha kutupwa.

Facebook ikaingilia kati. Haikulalamika kwamba watu wanafutana; ililalamika kwamba wanaofutwa wanaambiwa. Kwa desturi ya mtandao huo, mtu aliondolewa kimyakimya, akaja kugundua mwenyewe siku aliyotafuta jina la mwenzake asilione. Burger King ikatakiwa iondoe arifa zile. Ikaona bila arifa mchezo umeisha utamu, ikaufunga.

Kisa hicho huchekesha, lakini kina swali ndani yake. Ilikuwaje watu wazima, wenye akili zao timamu, wahitaji kisingizio cha baga ili wamwondoe mtu ambaye hawajazungumza naye kwa miaka? Jibu liko katika safari ya orodha yenyewe. Majina ya watu wanaofahamiana yalitoka vichwani na kwenye madaftari, yakahamia kwenye kompyuta za kampuni, na huko yakapoteza tabia moja ya tangu enzi: kupungua bila kupunguzwa na mtu.

Sanduku la posta, kadi ya salamu na laini iliyojaa

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mawasiliano ya mbali Afrika Mashariki yalipitia sanduku la posta. Tarishi hakuwa na kazi ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Barua ilikwenda kwenye S.L.P. ya shule, ya misheni, ya kiwanda, ya ofisi ya serikali au ya mwenye duka anayefahamika mtaani. Mwanafunzi mwenye marafiki wa kalamu, aliowapata kupitia kurasa za magazeti, aliandikiwa kwa anwani ya shule. Akimaliza kidato cha nne, sanduku linabaki shuleni naye anarudi kwao. Asipowapelekea anwani mpya, mambo yameishia hapo. Hakuna aliyemkasirikia mwenzake wala aliyemfukuza mtu. Barua zimekoma tu.

Redio nayo ilikuwa na orodha zake. Vipindi vya salamu vya Redio Tanzania Dar es Salaam na vya Sauti ya Kenya vilipokea kadi kutoka kila pembe, na walikuwapo watu waliopata umaarufu wa nchi nzima kwa kutuma salamu tu, kila mmoja na jina lake la utani. Kadi ilikuwa na nafasi yake. Mtumaji alikaa na kalamu akapanga: shangazi wa Tabora aingie, jirani wa zamani aliyehamia Moshi asubiri zamu ijayo. Aliyekosa kutajwa wiki hii hakuwa na sababu ya kununa, maana kila msikilizaji alijua kwamba majina hayaenei.

Simu ya mkononi ilipoenea miaka ya 2000, kikomo kilihamia kwenye laini. Kadi nyingi za simu za wakati huo zilihifadhi namba 250 hivi. Ikijaa, ikakataa kupokea jina jipya, mwenye simu alisimama pale pale kituoni akaanza kushuka na orodha: Fundi Bomba, Mama Asha Maziwa, Juma Jipsamu, Kaka Hamisi Tanga, Usipokee. Fundi bomba wa nyumba aliyokwisha kuhama akatoka, namba mpya ikaingia. Na simu ikiibwa, majina yote yaliondoka na mwizi. Waliorudi kwenye orodha ni wale waliomtafuta au wale ambao yeye mwenyewe alijua pa kuwapata. Wengine walipotea kwa heri, na wakikutana naye sokoni baada ya miaka mitano, sentensi moja ilimaliza kesi: niliibiwa simu.

Kisingizio hicho kilikuwa na maana kubwa kuliko kilivyoonekana. Kilimruhusu mtu kupungukiwa na watu bila ya kumwacha yeyote.

Rafiki wa kwanza aliitwa Tom

Mtandao unaotajwa mara nyingi kuwa mtandao wa kijamii wa kwanza, SixDegrees, ulianzishwa na Andrew Weinreich mjini New York mwaka 1997. Jina lake lilitokana na dhana kwamba binadamu yeyote anaweza kumfikia mwingine kwa kupitia mnyororo mfupi wa watu wanaofahamiana. Mwanachama aliorodhesha watu wake, akaona na watu wa watu wake. Walijiunga mamilioni, lakini siku zile wengi walikuta ndugu na jamaa zao hawajafika kwenye intaneti, na baada ya kuonana na waliokuwapo hapakuwa na la zaidi la kufanya. Mwaka 2000 ukafungwa.

Friendster ya Jonathan Abrams, iliyozaliwa California mwaka 2002, ndiyo iliyoleta tamaa ya kukusanya. Ilikusudiwa watu wapate wachumba kupitia marafiki wa marafiki, na mtumiaji aliruhusiwa kuona kurasa za watu walio umbali wa hatua nne tu kutoka kwake. Kwa hiyo kila rafiki mpya alifungua kurasa za mamia ya wageni. Watu wakachangamkia hesabu hiyo. Wakaunda kurasa za kubuni, za watu mashuhuri, za miji, za vyuo, ili kila mtu ajiunge nazo na wote wawe karibu na wote. Mwaka 2003 kampuni ikaanza kuzifuta, na waliozibuni wakaja juu.

Kisha ikaja MySpace, mwaka huohuo wa 2003. Kila aliyejiunga alikuta tayari ana rafiki mmoja: Tom Anderson, mmoja wa waanzilishi wake, akitabasamu katika fulana nyeupe. Baadaye ukaja utaratibu wa kuwaweka marafiki wanane juu ya ukurasa, wa kwanza hadi wa nane, kila apitaye awaone. Kwa vijana wa sekondari wa Marekani huo ukawa uwanja wa vita. Aliyeshuka kutoka nafasi ya pili hadi ya sita alitaka maelezo kesho yake darasani, na mpenzi asiyewekwa nafasi ya kwanza alikuwa na kesi.

Mtafiti danah boyd, ambaye huandika jina lake kwa herufi ndogo, alizungumza na watumiaji wa mitandao hiyo miwili na mwaka 2006 akachapisha makala kuhusu maana ya urafiki huko. Miongoni mwa sababu alizokusanya za watu kukubali maombi ya urafiki, moja ni ya kibinadamu mno: kumkubali mtu unayemjua hata kama humtaki ni rahisi kuliko kumkatalia. Uswahilini sababu hiyo haihitaji mtafiti. Mgeni akibisha hodi, hata asiyetarajiwa, huambiwa karibu.

Adabu hiyo ndiyo iliyojaza orodha. Na orodha ilipojaa, hapakuwa na laini ya kukataa namba wala mwizi wa kuipunguza.

Septemba 5, 2006

Facebook ilianzishwa na Mark Zuckerberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard Februari 2004, ikafunguliwa kwa watu wote Septemba 2006. Mwezi huohuo, tarehe 5, ilifanya badiliko lililogeuza maana ya orodha nzima. Kabla ya siku hiyo, mtu akitaka kujua habari za rafiki yake alikwenda kwenye ukurasa wake. Kuanzia siku hiyo habari za marafiki wote zilimiminika mahali pamoja, mtu akifungua tu anakutana nazo. Watumiaji walipiga kelele. Mamia ya maelfu walijiunga na kundi la kupinga ndani ya Facebook yenyewe, na Zuckerberg akaomba radhi na kuongeza vidhibiti vya faragha. Mkondo wa habari ukabaki.

Matokeo yake hayakuonekana mara moja. Rafiki asiyetembelewa hakuwa na uzito wowote mwaka 2005. Jina lake lilikaa tu pale, kama namba ya fundi bomba. Baada ya 2006 kila jina lilikuwa na mdomo. Mtu uliyesoma naye darasa la tano na hukuwa na habari zake kwa miaka 20 sasa alikuletea kila siku chakula chake, siasa zake na ugomvi wake na mashemeji.

Wakati huohuo kampuni ilikuwa na sababu zake za kutaka orodha ikue. Chamath Palihapitiya, aliyeongoza kitengo cha ukuaji cha Facebook, alieleza baadaye kwamba lengo lao lilikuwa kumfikisha kila mgeni kwa marafiki saba ndani ya siku kumi, maana aliyefika hapo alibaki. Mwaka 2008 kikaja kisanduku cha kupendekeza watu ambao huenda unawafahamu. Kikomo cha marafiki kiliwekwa 5,000, idadi ambayo kwa binadamu wa kawaida ni sawa na kutokuwa na kikomo.

Hapo ndipo jina la Robin Dunbar lilipotoka maktaba likaingia magazetini. Mwanaanthropolojia huyo Mwingereza alichapisha mwaka 1992 utafiti kuhusu ukubwa wa ubongo wa nyani na ukubwa wa makundi yao, akakisia kwamba binadamu anaweza kuendesha uhusiano wa kweli na watu 150 hivi. Baadaye yeye na Russell Hill waliangalia kadi za Krismasi ambazo Waingereza hutumiana, wakahesabu watu wote katika nyumba zilizopelekewa, wastani ukaja 153.5. Si kila mwanasayansi amekubali. Mwaka 2021 watafiti wa Sweden walirudia hesabu kwa mbinu nyingine na kusema kwamba kwa njia hiyo haiwezekani kupata idadi moja ya uhakika. Lakini mabishano hayo hayagusi jambo la msingi: hakuna upande unaodai kwamba mtu anaweza kuwa na marafiki 5,000.

Waliochoka wakaanza kupunguza. Mchekeshaji wa televisheni Jimmy Kimmel alitangaza Novemba 17, 2010 kuwa siku ya taifa ya kufuta marafiki wasio marafiki. Mwaka huohuo Christopher Sibona wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver alitoa utafiti kuhusu sababu za watu kufutwa. Ya kwanza ilikuwa kuandika mara kwa mara mambo yasiyo na maana. Ya pili, mada zinazogawa watu, hasa siasa na dini. Ya tatu, maneno yasiyofaa. Miaka minne baadaye aligundua kwamba aliyekuwa katika hatari kubwa ya kufutwa ni mtu waliyefahamiana naye sekondari. Huyo ndiye ambaye zamani angepotea na sanduku la posta la shule.

Facebook ililijibu tatizo hilo kwa ustadi. Mwaka 2011 ilileta orodha za marafiki wa karibu na wa mbali. Mwaka 2013 ikaweka kitufe cha kuacha kumfuatilia mtu huku akibaki rafiki. Mwaka 2015 ikatoa zana ya kumpunguza machoni mpenzi mliyeachana, na Desemba 2017 kitufe cha kumnyamazisha mtu kwa siku 30. Vyote vina faida, na vyote vina sura moja: kelele inapungua, idadi haipungui. Mtu anapewa njia ya kumkwepa mwenzake bila kumfuta, na kampuni inabaki na orodha yake nzima.

Kundi la harusi ambayo watoto wake wako shule

Mwaka uleule wa baga, mambo mawili yalitokea upande huu wa Bahari ya Hindi. Juni 2009 Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili, na Julai kebo ya Seacom ikaanza kazi, ikileta intaneti ya kasi Mombasa na Dar es Salaam kupitia chini ya bahari. Mwaka 2014 Facebook ilipoanza mpango wake wa intaneti ya bure barani Afrika, ilianzia Zambia, na mwaka huohuo ukafika Tanzania na Kenya. Mtu asiye na bando aliweza kuwa na marafiki.

Hata hivyo, mtandao uliogeuza maisha ya kila siku ni WhatsApp, iliyoanzishwa na Jan Koum na Brian Acton mwaka 2009 na kununuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa dola bilioni 19. Tofauti yake na mingine ni kwamba haikumwomba mtu atafute marafiki. Ilichukua namba zilizomo kwenye simu. Aliyesevu namba ya fundi jipsamu kwa kazi ya siku mbili, naye akasevuliwa, alijikuta tangu Februari 2017, WhatsApp ilipoleta picha za saa 24, akiona fundi anavyooa, anavyopata mtoto na anavyohamia Chalinze. Orodha ya kazi na orodha ya marafiki zikawa kitu kimoja.

Yakaja makundi. Kikomo cha wanachama kilipanda hatua kwa hatua: 100, kisha 256 mwaka 2016, halafu 512 na 1,024 katika mwaka mmoja wa 2022. Kwa jamii zenye ukoo, kikoba, jumuiya, madrasa, waliosoma pamoja na wazazi wa darasa la tatu, kila uhusiano ulipata kundi lake. La harusi lina ratiba inayojulikana. Mtu anaamka anakuta ameingizwa, juu pana picha ya maharusi, chini pana orodha ya ahadi yenye namba mbele ya kila jina. Kila anayeahidi anainakili orodha yote, anaongeza lake mwishoni na kuirudisha, hivyo simu inapokea orodha ileile mara 40 kwa jioni moja. Mweka hazina anaweka namba ya kutumia pesa. Halafu, katikati ya ahadi, inatokea sentensi fupi ya kijivu: fulani ameondoka.

Sentensi hiyo iliweka watu wengi gerezani kwa miaka. Kulefti mbele ya kamati ni kutangaza kwamba hutachanga, au una kisa na bwana harusi, au umefulia. Kwa hiyo watu walibaki, wakanyamazisha. Hadi Oktoba 2020 muda mrefu zaidi wa kunyamazisha kundi ulikuwa mwaka mmoja. Baada ya hapo ukaja uwezo wa kulinyamazisha moja kwa moja. Aprili 2019 mtumiaji alipata haki ya kuamua nani anaweza kumwingiza kwenye kundi. Na Agosti 2022, miaka 13 tangu programu izaliwe, Zuckerberg alitangaza kwamba sasa mtu anaweza kuondoka bila kundi zima kuambiwa. Wanaojulishwa ni maadmini tu. Mjadala wa Whopper Sacrifice ulikuwa umezunguka dunia ukarudi kwa njia nyingine.

Mlango huo ulipofunguliwa, makundi mengi yalikuwa yamekwisha kufa bila kuzikwa. Kuna simu zenye kamati za harusi ambazo watoto wake sasa wako darasa la pili, na kamati za misiba ambayo arobaini yake ilisomwa zamani. Mtu hutumia picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema, wengine wanne wanajibu kwa mikono ya kuomba, na simu inalalamika kwamba nafasi imejaa.

Kuna na majina ambayo watu hawayafuti kwa sababu nyingine. Facebook iliruhusu mwaka 2015 mtu ateue wa kuutunza ukurasa wake akishafariki. Namba ya simu haina utaratibu huo. Isipotumika kwa muda, kampuni ya simu huigawa kwa mteja mwingine, na aliyeiacha namba ya marehemu baba yake kwenye orodha huamka siku moja akakuta jina la baba limewekwa picha ya kijana asiyemjua, yuko pembeni ya pikipiki.

Uganda ilipitia jaribio lake la peke yake. Kuanzia Julai 1, 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kutumia Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao ya aina hiyo. Wengi walikimbilia programu za VPN, wengine wakaacha. Kodi hiyo ilipingwa kwa maandamano na kesi, na mwaka 2021 ikaondolewa, badala yake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Ilikuwa sera mbaya, lakini kwa miaka mitatu kila Mganda mwenye simu alilazimika kujiuliza asubuhi kama mazungumzo ya siku hiyo yana thamani ya shilingi 200.

Gharama ya rafiki wa mbali

Hadi 2018 mazungumzo ya kupunguza marafiki yalihusu kero. Machi mwaka huo yakageuka kuwa ya usalama. Ilifahamika kwamba kampuni ya Cambridge Analytica ilipata taarifa za watumiaji wa Facebook waliokadiriwa kufika milioni 87. Waliojibu maswali ya programu iliyotumika kukusanya taarifa hizo hawakufika hata milioni moja. Walikuwa laki tatu hivi. Waliobaki walichukuliwa kwa sababu moja tu, kwamba walikuwa marafiki wa waliojibu. Mtu wa Marekani aliyemkubali mwenzake wa sekondari kwa kuona haya alikuwa amempa ufunguo wa nyumba bila kujua.

Kwa Wakenya habari hiyo haikuwa ya mbali. Kituo cha televisheni cha Channel 4 cha Uingereza kiliwarekodi kwa siri maofisa wa Cambridge Analytica, mmoja wao akijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za urais Kenya mwaka 2013 na 2017. Wiki hiyohiyo Brian Acton, ambaye Facebook ilikuwa imemtajirisha kwa kununua WhatsApp, aliandika Twitter akiwahimiza watu wafute Facebook.

Wito wa kuhama ulikuwa na historia ya kushindwa. Mwishoni mwa 2009 wasanii wa Rotterdam walitengeneza tovuti ya kumsaidia mtu kujiua mtandaoni, iliyofuta marafiki mmoja mmoja kwa niaba yake, na Januari 2010 Facebook ikawaandikia kuwataka wakome. Mei 31, 2010 ilitangazwa kuwa siku ya kuiacha Facebook. Walioahidi walikuwa zaidi ya 30,000, na mtandao ulikuwa na mamia ya mamilioni ya watumiaji. Hakuna aliyeona pengo.

Ushahidi mzuri zaidi wa yanayompata mtu akiiacha Facebook ulikuja kwa njia ya pesa. Kabla ya uchaguzi wa bunge la Marekani wa Novemba 2018, wachumi wa vyuo vikuu vya Stanford na New York waliwalipa watu dola 102 ili wazime akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Waliozima walipata wastani wa saa moja ya ziada kwa siku, wakaitumia kutazama televisheni peke yao na kukaa na ndugu na marafiki. Walijua habari za siasa kidogo kuliko wenzao, lakini misimamo yao haikuwa mikali kama ya wenzao. Walisema wana furaha zaidi, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Na majuma yalipokwisha, walirudi wakiitumia kwa muda mfupi kuliko zamani.

Kisa cha Louis Barclay, mtengeneza programu wa Uingereza, kinaeleza kwa nini kupunguza bado ni kazi. Barclay aliacha kuwafuatilia marafiki zake wote, mmoja baada ya mwingine, bila kumfuta hata mmoja, akakuta ukurasa wake wa mbele uko mtupu na yeye ana amani. Mwaka 2020 akatengeneza programu ndogo ya kufanya hivyo kwa mkupuo, akaigawa bure kwa jina la Unfollow Everything. Mwaka 2021 mawakili wa Facebook walimwandikia aifunge, na akaunti zake za Facebook na Instagram zikafungwa kabisa. Mei 2024 Ethan Zuckerman, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliishitaki kampuni hiyo akitaka mahakama itamke kwamba ana haki ya kutoa programu kama ile. Novemba mwaka huo jaji aliitupa kesi kwa kuwa programu yenyewe ilikuwa bado haijatengenezwa.

Barclay hakuwa ameondoa mtu yeyote kwenye orodha. Kosa lake lilikuwa kuwanyamazisha wote kwa pamoja. Ukiliweka tukio hilo kando ya baga ya 2009, sera ya kampuni inasomeka bila miwani: mtu anaruhusiwa kupunguza, mradi afanye polepole, peke yake na kimya.

WhatsApp tangu Novemba 2020 imeruhusu ujumbe ujifute baada ya siku saba, na baadaye baada ya saa 24 au siku 90. Ujumbe umepewa mwisho. Watu na makundi bado. Kwa hiyo kazi ambayo zamani ilifanywa na sanduku la posta, kadi iliyojaa na mwizi wa simu imebaki mikononi mwa watumiaji, na hasa mwa maadmini. Kamati ikishatoa hesabu ya mapato na matumizi, mweka hazina akashukuru na picha za harusi zikagawiwa, admini afunge kundi siku hiyohiyo.